Miti Isiyohesabiwa: Tungamotaka, Tumbaku na Sera ya Hewa Ukaa Mkoani Tabora, 1947–2024

Insha hii inachunguza ugumu wa kuanzisha mkoani Tabora nishati ya tungamotaka inayoambatana na kunasa na kuhifadhi hewa ukaa. Katika teknolojia hiyo, mimea huchomwa ili kupata nishati, hewa ukaa hunaswa kabla ya kufika angani, kisha huzikwa katika miamba. Faida yake hutegemea sharti moja: mimea iliyochomwa iote tena. Tabora, yenye misitu mipana ya miombo, huonekana kutimiza sharti hilo. Hoja ya insha ni kwamba historia ya mkoa inaonyesha kinyume, kwa kuwa sera zilizofuatana zilihesabu mazao na kuisahau miti iliyoyazalisha.

Katika karne ya 19, Unyanyembe ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji na Buganda. Thamani ya nchi ilipimwa kwa pembe za ndovu, na Mirambo wa Urambo alipigania udhibiti wa njia hiyo hadi alipofariki mwaka 1884. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, ilifuata kwa kiasi kikubwa mwelekeo huo huo wa kupeleka mali pwani.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga katika Kongwa, Nachingwea na Urambo. Miombo ilifyekwa kwa matrekta, lakini mradi ulitangazwa kushindwa mwaka 1951. Katika muongo huo tumbaku ilichukua nafasi ya karanga Urambo, na miaka ya 1970 Benki ya Dunia ilifadhili upanuzi wa kilimo hicho. Tumbaku ya mvuke hukaushwa katika mabani yanayochomwa kuni kwa siku kadhaa mfululizo. Kwa mkulima aliyekata kuni porini, gharama ilikuwa jasho lake. Bei ya jani haikubeba thamani ya mti.

Sheria za baadaye ziligawa suala hili vipande vipande. Ardhi ya kijiji ilisimamiwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, misitu chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, na biashara ya kaboni chini ya kanuni za mwaka 2022. Marufuku ya mkaa ya mwaka 2006, iliyodumu kwa muda mfupi, ilidhihirisha kwamba amri pekee haiondoi hitaji la nishati. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, lakini unahusu jiko, na bani si jiko.

Kipo pia kikwazo cha jiolojia. Tabora imekaa juu ya miamba ya kale ya itale, isiyo na tabaka nene zenye vinyweleo vya kupokea gesi. Miamba ya mashapo iliyo bora zaidi ipo pwani, kama Songo Songo, ambako gesi asilia iligunduliwa mwaka 1974. Hewa ukaa ya Tabora ingelazimika kusafirishwa karibu njia nzima ya misafara. Isitoshe, moshi hutoka katika mabani mengi madogo yaliyotawanyika vijijini, ilhali mitambo ya kunasa huhitaji chanzo kimoja kikubwa.

Kwa hiyo, sera itakayotanguliza mtambo itarudia kosa la 1947, yaani kuleta mashine kabla ya kuifahamu ardhi. Kazi inayotangulia ni kubainisha ni nani mwenye mti, ni nani mwenye kaboni iliyomo, na ni nani atakayelipa kuni zinazokausha tumbaku. Maswali hayo yasipojibiwa, mkulima wa Urambo atatozwa gharama ya hewa ukaa juu ya zao ambalo bei yake haijawahi kumlipa mti.