Chungu Kichwani

Anayesoma habari za njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, hukutana na pembe za ndovu, shanga, hongo na vita vya Mirambo. Chungu hakutani nacho. Nilipolitembelea tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, alikokaa Livingstone mwaka 1872, niliwaza zaidi juu ya jiko: nani aliyewapikia watu wote wale?

Wapagazi wa Kinyamwezi hawakusafiri wanaume watupu. Wengi walifuatana na wake zao, waliobeba vyungu na vyombo vingine vya kupikia, pengine na mtoto mgongoni. Jioni mpagazi alitua mzigo wake akanyoosha miguu. Kwa mkewe kazi ndiyo kwanza inaanza: kuni, maji, mafiga, ugali. Pembe ilipimwa kwa frasila na kuandikwa daftarini. Chungu nani akiandike?

Nimekumbushwa hayo na kazi za Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kwenda Uingereza mwaka 1971. Mwaka 1974 alikwenda Abuja, Nigeria, akajifunza kwa wafinyanzi wa kule, akiwamo Ladi Kwali. Hatumii gurudumu. Huujenga udongo kwa mkono, akausugua mpaka ung'ae. Ukichomwa katika moto wenye hewa hutoka mwekundu. Ukichomwa tena katika moshi, hewa ikizuiwa, huwa mweusi.

Vyombo vyake ni wanawake: tumbo la mja mzito, shingo ndefu, kisogo kilichorefushwa kama cha wanawake wa Kimangbetu wa Kongo. Nasi tumekwisha sema zamani kwamba mtungi una mdomo, shingo na tumbo.

Lakini vyake haviteki maji wala haviinjikwi mafigani. Bibi wa Unyanyembe angeuliza, na angekuwa na haki: chungu kisichopika ni cha nini? Mimi naona ni cha kutazamwa, kwani vile vya misafara havikutazamwa na mtu.

Mwaka 2019, huko Wakefield, Uingereza, vyombo vyake vilionyeshwa pamoja na vya kale kutoka sehemu nyingi za dunia. Maonyesho yaliitwa Safari ya Vitu. Ningependa kukiona pale chungu kimoja cha Unyamwezi, cheusi kwa masizi, kilichokwenda pwani na kurudi juu ya kichwa cha mwanamke.