Siku Mbili Tabora Tukisubiri Meli



Wengi wenu mnakuja hapa kutafuta habari za vitambaa, mishono na mapambo ya harusi. Leo tunakuleteeni historia. Msikimbie, vitambaa vimo, tena vingi kuliko mnavyodhani.

Miaka ile Liemba ilipokuwa bado ikifanya safari zake Ziwa Tanganyika, kutoka Kigoma mpaka Mpulungu kule Zambia, sisi wawili, ndugu wa tumbo moja na washirika wa biashara, tulipata kazi ya kumshonea bibi harusi wa Kasanga, kusini mwa ziwa. Nguo tulizishona nyumbani Unguja, tukavuka na boti mpaka Dar es Salaam, tukapanda treni ya Reli ya Kati. Meli ilikuwa iondoke Kigoma Jumatano. Tulipohesabu siku tukaona zinatubakia mbili, tukaamua kuzimalizia Tabora kwa jamaa wa marehemu mama yetu.

Bibi mwenyeji wetu alitupokea, akatutazama na mafurushi yetu, akasema, "Karibuni wanangu. Hapa tangu zamani ndipo watu wanaposubiri." Tulidhani anatania. Kabla ya kuondoka tulikuwa tumemwelewa.

Tabora haina bahari wala ziwa, lakini kwa kazi yake ni bandari. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo na pwani ya jirani ilifika hapa, nchi ya Unyanyembe, ndipo njia zikagawanyika. Moja ilikwenda magharibi mpaka Ujiji, watu wakavuka ziwa kwenda Manyema. Nyingine ilipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Reli nayo imefuata mtindo uleule: ukifika Tabora unachagua Kigoma, Mwanza au Mpanda. Anayekwenda kupanda chombo Ujiji au Kigoma lazima kwanza apite Tabora, na zamani kupita maana yake ilikuwa kukaa.

Kwa nini wakae? Waingereza Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakafika hapa Novemba 7, zaidi ya siku 130 njiani. Wapagazi wao wengi walikuwa Wanyamwezi, na walipofika kwao walitua mizigo wakaenda makwao. Hakuna wa kuwalaumu, kila mtu angefanya hivyo. Tena mvua zilikuwa zimeanza, na Mnyamwezi msimu wa mvua anashika jembe. Wapagazi wapya walikuwa hawapatikani upesi. Wageni wale walikaa zaidi ya mwezi chini ya uangalizi wa Snay bin Amir, tajiri wa Kiomani, aliyewapa nyumba, akawashughulikia mizigo na wapagazi, na kumsaidia Burton kujifunza lugha za huku. Ziwa waliliona Februari 1858.

Sasa tuje kwenye kitambaa. Msafara haukubeba fedha za sarafu. Ulibeba merikani, ile pamba nzito isiyopaushwa iliyokuja kwa meli kutoka Marekani, pamoja na kaniki na shanga. Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Hongo kwa watemi ililipwa kwa nguo, chakula kilinunuliwa kwa nguo, na mtu akigombana na jirani alilipa faini kwa nguo. Kipimo kilikuwa shuka, mikono minne. Shuka mbili ni doti.

Hapo sisi tulitazamana. Doti! Neno ambalo kila bibi harusi wa kwetu analijua, kanga doti ngapi, nani kaleta doti ngapi. Kabla hatujalihesabia zawadi, watu walilihesabia safari nzima ya bara. Msafara uliokaa Tabora miezi mitatu ulikuwa unakula doti zake kila siku, kwa sababu posho ya watu haisimami hata kama safari imesimama. Sisi wafanyabiashara tunalijua hilo: duka likifungwa kodi haifungwi.

Jambo jingine lililowakalisha watu lilikuwa vita. Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo, aliifunga njia ya Ujiji akipigana na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Unyanyembe, na Agosti mji wa Tabora ukaunguzwa. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alikwama Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kuanzia Juni mpaka Septemba. Alipompata Ujiji, walirudi pamoja Kwihara Februari 1872. Machi Stanley akaondoka kwenda pwani, Livingstone akabaki akisubiri apelekewe watu. Walifika Agosti. Miezi mitano!

Siku yetu ya pili tulikwenda Kwihara kuliona tembe lile, lililojengwa upya na sasa ni makumbusho. Ni nyumba ya udongo yenye kuta nene na paa la bapa. Ndani palikuwa na ubaridi mzuri na kimya. Tulikaa kivulini tukajiuliza mzee yule alifanya nini miezi yote hiyo. Shajara yake inaeleza: aliandika, alihesabu siku, alitengeneza jibini ya safari. Na imo habari moja ambayo shuleni hatukufundishwa.

Nyumbani mwa Livingstone alikuwamo mwanamke jina lake Halima. Alikuwa mpishi wake na mke wa Amoda, mmoja wa wafuasi wake. Alikuwamo pia Ntaoeka, mke wa Chuma. Agosti 1872, siku zile za mwisho za kusubiri, Halima aligombana na Ntaoeka akatoka nyumbani. Livingstone alianza kutuma habari za kumtafuta, lakini Halima akarudi mwenyewe, akasimama nje akitaka tu mzee atoke amwambie aingie. Akatoka, akamwambia aingie, na kwamba wasigombane tena. Kisha aliandika kwamba Halima ni mtu mwema na hajawahi kumkemea hata mara moja, na kwamba wakifika Unguja atamwacha huru, na atamnunulia nyumba yenye bustani.

Tulisoma habari ile mara mbili. Wapenzi, atamwacha huru. Maana yake Halima aliyekuwa akipika, akisubiri safari kama wengine, hakuwa akisubiri kama wengine. Mwenyewe hakuwa huru, na aliyeahidi kumwacha huru baadaye ni Livingstone, ambaye dunia yote inamjua kama adui wa biashara ya utumwa. Nyumba yake aliyoahidiwa ilikuwa kwetu, Unguja. Livingstone alifariki Mei 1873 kabla ya kufika. Wafuasi wake waliubeba mwili, wakapita tena Unyanyembe Oktoba mwaka huo, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Susi na Chuma wanatajwa kila kitabu. Halima ni mistari michache tu.

Tukianza kusema ukweli tuumalize. Tabora ile ya tembe kubwa, bustani za mboga na mabirika ya kahawa, Burton aliyoisifu kwa starehe, ilisimama juu ya pembe za ndovu na watu. Wengi wa waliokuwa wakilima bustani zile, kupika na kufua, walikuwa watumwa. Mizigo ya pembe ilishuka pwani, na watu nao walishushwa, wengine wakavushwa mpaka kisiwani petu. Soko la Unguja lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba aliousaini Sayyid Barghash. Sisi wa visiwani tunapenda kuhadithia mabibi zetu waliovaa hariri na kujifukiza udi. Tunapenda kidogo sana kuuliza nani alikuwa akiupepea mkaa wa chetezo. Katika koo zetu wamo waliovaa na wamo waliopepea, mara nyingi katika nyumba moja. Kumwacha mtumwa huru ni katika mema makubwa yanayotajwa katika dini yetu. Kama wema ule ulicheleweshwa mpaka safari iishe, ulicheleweshwa kwa hasara ya nani?

Jioni ile bibi yetu alitukuta tunaswali Isha. Tulipomaliza akatuuliza kama tumepunguza rakaa. Tukasema ndiyo, kwani sisi wasafiri. Akacheka, akasema vizuri, mna siku mbili tu. Sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi'i, msafiri anayenuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, anaswali kamili kama mwenyeji. Anayesubiri haja yake huku akitarajia kuondoka wakati wowote anaweza kuendelea kupunguza mpaka siku 18. Ndugu zetu Maibadhi, kama walivyokuwa Waomani wengi wa Tabora, wanasema mtu aendelee kupunguza maadamu hajapafanya mahali pale kuwa kwake, hata miaka ikipita. Tulilala tukilifikiria hilo. Unaweza kukaa mahali miaka kumi na rohoni bado una mafurushi mlangoni.

Wengine walifungua mafurushi. Muhammed bin Juma, babake Tippu Tip, aliishi Tabora na kumwoa Karunde, wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tabora iliwapa jembe wengi, ndiyo maana mpaka leo ukienda unasikia adhana, unaona miembe, unakula wali wa nazi kana kwamba bahari iko nyuma ya nyumba.

Usiku wa kuondoka tulirudi stesheni. Bibi alitupa chupa ya asali ya Tabora, tukaifunga katikati ya nguo za harusi, tukiomba isimwagike. Liemba yenyewe ilipita reli hii kabla hata haijawa meli. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaisafirisha masandukuni mpaka Dar es Salaam, kisha kwa treni mpaka Kigoma, ambako reli ilifika Februari 1914. Ilishushwa ziwani 1915 ikiitwa Graf von Götzen, ikazamishwa na wenyewe 1916 isitekwe, ikaibuliwa 1924, ikaanza kazi upya 1927 kwa jina la Liemba. Sisi mafundi tuliifurahia habari hiyo. Kumbe na meli hukatwa mahali pamoja ikashonwa pengine.

Bibi harusi alivaa, alhamdulillah, na asali ilifika salama. Lakini tuliporudi dukani tulibadilisha jambo moja. Tulikuwa na binti anayetudarizia, na malipo yake tulikuwa tukimwambia subiri mteja amalize deni, subiri msimu wa harusi, subiri Mfunguo Mosi. Yeye alikuwa akisubiri kwa doti zake mwenyewe, si zetu. Sasa tunamlipa kila Alhamisi, mteja amelipa asilipe.

Nawe mwari wetu, unayesubiri siku yako baada ya posa kujibiwa, hatukuambii ukae tu ukihesabu siku. Jifunze kitu, soma, tengeneza jibini yako ya safari. Na ukikagua doti zako, uliza pia nani anayeshona, nani anayepika, nani anayefua kwa ajili ya siku hiyo, na kama ameshalipwa.

Ukijaaliwa kupita Tabora, usibaki stesheni. Nenda Kwihara. Ukifika pale kivulini, mtaje Halima.

Allah atujaalie subira, na atuepushe na kuwasubirisha wengine haki zao. Amin.