Tarikhi ya Programu Zisizopatana, Itazamwapo kutoka Tandahimba

Mtu wa Tandahimba atakaye kuyapima mashamba ya mikorosho kwa kompyuta aghalabu huanza na vitu viwili visivyozaliwa zama moja: karatasi za ramani za kipimo cha 1:50,000, ambazo asili yake ni kazi ya wapima ardhi wa Kiingereza, na picha za setilaiti za siku hizi, ambazo hupatikana bila malipo. Karatasi zile zimesimama juu ya msingi uitwao Arc 1960, uliojengwa kwa umbo la dunia alilolikadiria mpima ardhi Clarke mwaka 1880, na nasaba yake yarejea kwenye ule upimaji mrefu wa meridiani ya 30, ambao mwanafalaki David Gill aliupendekeza mwaka 1879 na haukukamilika illa mwaka 1954. Picha nazo zimesimama juu ya msingi mwingine, WGS 84. Baina ya misingi hiyo miwili, katika pande zetu hizi, mna tofauti ya mita zipatazo 300, kadiri ya kwamba shamba la mtu laweza kuhama na kumwangukia jirani pasipo mche hata mmoja kung'olewa.

Kazi ya kuipatanisha misingi hiyo hufanywa na maktaba ya programu iitwayo PROJ, ambayo tangu toleo lake la 6, la mwaka 2019, huyaweka maarifa yake katika hifadhidata ya faili moja, proj.db. Hapo ndipo fitina huingia. Aliyewahi kusakinisha programu ya PostgreSQL pamoja na kiongezo chake cha ramani, PostGIS, katika Windows, akaitikia ndiyo kwa kila aliloulizwa, huwa ameiachia kompyuta agizo la kudumu, jina lake PROJ_LIB, lisemalo kwamba hifadhidata hiyo iko mahali fulani; naye akija siku nyingine kusakinisha rasterio, maktaba ya kusomea picha za setilaiti ndani ya lugha ya Python, ambayo huja na PROJ yake yenyewe, maktaba ngeni hulitii agizo la zamani, huifungua hifadhidata isiyo yake, kisha hugoma, ikieleza kwamba faili hiyo imetoka katika usakinishaji mwingine wa PROJ. Ujumbe huo, kwa rai yangu, ni katika michache iliyo ya kweli kabisa katika fani hii, maana umeutaja ugonjwa kwa jina lake. Dawa ni kuliondoa agizo hilo, au kulielekeza upya ndani ya kazi ile peke yake. Lakini ajuaye dawa asijue chanzo cha maradhi atakutana nayo tena kwa sura nyingine, na chanzo chake ni mambo ya miaka thelathini na zaidi.

Wala si anasa iwafanyayo watu wa huku wazihitaji programu za kisayansi. Korosho ya Tanzania ilifika kiasi cha tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, kisha ikaporomoka hata ikawa chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Na sababu zake, yaani watu kuhamishiwa vijijini wakayaacha mashamba ya mbali, bei duni, na ugonjwa wa ubwiri unga, ziliwashughulisha kwa miaka mingi wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, hata salfa na miche bora vikaurudisha uhai wa zao. Mwenye kutaka kuzipanga takwimu hizo msimu kwa msimu, huku akikumbuka kwamba Tandahimba ilihesabiwa ndani ya Newala mpaka ilipomegwa kuwa wilaya katika miaka ya 1990, ana kazi isiyowezekana tena kwa daftari na kikokotoo.

Tukirudi sasa kwenye chanzo cha maradhi yale, Guido van Rossum, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi Amsterdam, aliitoa Python kwa umma mwaka 1991, wala hakuikusudia hasa wanasayansi. Wao ndio walioifuata. Mwaka 1995 Jim Hugunin aliandika Numeric, maktaba ya kuhesabia safu za namba, na mwaka 2001 SciPy ikajengwa juu yake. Lakini watu wa taasisi iliyokuwa ikizishughulikia picha za darubini ya Hubble, walipoiona Numeric inaelemewa na safu zao kubwa mno, waliandika yao, numarray, nayo ikawa hodari kwa safu kubwa na nzito kwa zile ndogo. Basi wanavyuoni wakagawanyika: aliyeandika programu kwa Numeric hakuweza kuikaribisha ya mwenziwe aliyeandika kwa numarray, na mwanafunzi aliyezihitaji zote mbili akabaki njia panda. Travis Oliphant ndiye aliyejitia kati akazisuluhisha, na mwaka 2006 ikatoka NumPy 1.0. Sulhu hiyo ilidumu, nami sioni kwamba amepewa sifa zote anazostahiki, kwa kuwa kuandika maktaba mpya ni rahisi kuliko kuwashawishi watu waiache waliyoizoea.

Hapa yafaa kusimama kidogo. Programu ya kawaida ya Python ni maandishi, na husomeka popote palipo na Python. Bali maktaba ya kisayansi ina viungo vilivyoandikwa kwa C, C++ na Fortran, vingine, mathalan maktaba ya hesabu LAPACK, vya tangu 1992, ambavyo sharti vigeuzwe kwanza kuwa lugha ya mashine, na vikishageuzwa huwa vimefungamana na toleo lile la Python, na mfumo ule wa uendeshaji, na aina ile ya prosesa, na mpangilio ule wa kumbukumbu uliokuwamo ndani ya NumPy ya siku ile. Likibadilika moja katika hayo, programu huanguka, na mara nyingine huanguka kimya. Ndiyo sababu mtengeneza tovuti aweza kukaa miaka asiujue mgongano huu, ilhali mwenye kuchora ramani au kupima mvua huujua tangu wiki ya kwanza.

Vyombo vya kusakinishia vilikuja kimoja kimoja, kila kimoja kikiponya jeraha la kilichotangulia. Mwaka 2000 distutils iliingizwa ndani ya Python. Mwaka 2003 likafunguliwa ghala la umma, PyPI. Mwaka 2004 ikaja easy_install, ambayo iliujua wepesi wa kusakinisha tu, kwani kuondoa haikujua. Vyote hivyo viliitazama kompyuta kama nyumba ya familia moja, ambamo kila maktaba ina toleo moja tu na kila programu sharti iridhike nalo. Mwaka 2007 Ian Bicking alitoa virtualenv, na ndani yake mlikuwamo kukiri jambo ambalo wengi hawakutaka kulikiri, ya kwamba programu nyingine hazitapatana kamwe, na lililo jema ni kuipa kila moja maskani yake, yenye Python yake na maktaba zake. Mwaka uliofuata akaitoa pip. Kuanzia 2012 mazingira ya namna hiyo, kwa jina la venv, yamekuwa sehemu ya Python yenyewe.

Lakini virtualenv iliyatenga yale ya Python tu, wala haikuwa na habari ya GDAL, maktaba ya kusomea ramani na picha, wala PROJ, wala viungo vingine vya C vilivyolala nje ya mlango wake. Katika mkutano wa PyData wa mwaka 2012 wanasayansi walimweleza van Rossum adha hiyo, naye akawajibu kwa maana ya kwamba haja zao ni za peke yao, heri wajitengenezee chombo chao. Wakajitengenezea. Oliphant na Peter Wang, waliokuwa wameanzisha kampuni ya Continuum Analytics, wakaitoa conda mwaka huo huo, nayo hubeba vyote, Python na isiyo Python. Upande wa pip, mwaka 2013 ulikubaliwa muundo wa vifurushi uitwao wheel, ambavyo huja vikiwa vimekwisha geuzwa. Na hadi ulipoenea, na hata baadaye kwa vifurushi vizito kama GDAL, watumiaji wa Windows duniani kote waliishi kwa hisani ya mtu mmoja, Christoph Gohlke wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, aliyewageuzia vifurushi na kuviweka hadharani. Ajabu ni kwamba pip yenyewe, hata Novemba 2020, haikuwa na desturi ya kuyapima masharti ya vifurushi vyote kwa pamoja kabla ya kusakinisha. Ilichukua la kwanza ililolikuta, na lililokuja kinyume chake likavunjika baadaye.

Kwetu Tanzania mambo hayo yalifika yakiwa yamekwisha iva. Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, marufuku iliyolegezwa baadaye, na mkongo wa baharini wa SEACOM haukufika Dar es Salaam hata Julai 2009. Kwa hiyo vijana wetu wengi waliikuta Python ikiwa imepasuka pande mbili, maana toleo la 3, lisilopatana na la 2, lilikuwa limetoka Desemba 2008. Vitabu vilivyokuwapo vilifundisha la 2, kompyuta mpya zikaja na la 3. Mradi wa Ramani Huria, uliowakusanya tangu 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi wakaichora mitaa ya Dar es Salaam ikumbwayo na mafuriko, ulikuwa na QGIS, programu ya kuchorea ramani, miongoni mwa vyombo vyake. Na QGIS ilipohamia Python 3 katika toleo lake la Februari 2018, viongezo vyote vilivyoandikwa kwa la 2 vilinyamaza mpaka viandikwe upya, kikiwamo InaSAFE, kikadiriacho madhara ya maafa. Uhai wa Python 2 ulitangazwa kwisha tarehe 1 Januari 2020, na ni haki kusema kwamba miaka hiyo kumi na moja ya uhamisho iliwagharimu zaidi wale ambao kila jaribio lao hulilipia bando.

Uwanda wa Makonde, ilipo Tandahimba, unalijua jambo la kulipia kilichoko bondeni. Juu hapa hapana mto. Mchanga huinywa mvua ikazama, na Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliiandika taabu ya maji yaliyochotwa chini ya miteremko na kupandishwa kichwani. Pampu hazikuanza kuyaleta hata miaka ya 1950, na mpaka leo mwenye nyumba mwenye busara huwa na kisima cha kuwekea maji ya mvua. Mwenye kompyuta hufanya vivyo hivyo: akiwa Mtwara au Masasi, penye mtandao mzuri, huvikusanya vifurushi vyote kwa amri ya pip download, akavitia katika fleshi, kisha akasakinisha nyumbani bila intaneti. Ila aangalie kwamba jina la kila wheel hutaja toleo la Python na mfumo ambao kifurushi kimekusudiwa, na kilichogeuzwa kwa Python 3.10 ya Linux hakitakubaliwa na 3.12 ya Windows, hata ukibembelezaje.

Mafundi waliozoea huanza kwa kuuliza ni Python ipi inayoitika, kwa kuwa katika kompyuta moja aghalabu huwamo tatu, na pip iitwayo peke yake yaweza kuwa ya nyingine; kwa hiyo hupendelea kuandika python -m pip, ili aitwaye ajulikane. Ndani ya conda husakinisha kwanza kila kipatikanacho kwa conda, pip wakaiacha mwisho, maana conda haiyahesabu ipasavyo yale ambayo pip imeyabadilisha nyuma yake. Mazingira ya msingi hawayagusi. Na tangu 2023 Debian na Ubuntu zimeifanya desturi hiyo kuwa kanuni, zikaizuia pip isiguse Python ya mfumo. Na mazingira yakishaharibika hawayatibu. Huyafuta na kuyajenga upya kutoka katika orodha iliyoandikwa, ambayo pasipo nayo hapana la kujenga; ndiyo maana utamkuta mtu wa fani hii akiilinda faili ndogo ya matoleo kuliko anavyoilinda programu yenyewe, na wageni wakamdhania ana wasiwasi.

NumPy 2.0 ilipotoka Juni 2024, toleo kubwa la kwanza tangu lile la 2006, mpangilio wa ndani ulibadilika, na vifurushi vilivyogeuzwa kwa NumPy ya zamani vikagoma kote kote katika muda wa siku chache. Safari hii waandishi wake walikuwa wametangulia kuonya, tena walifanya iwezekane kwamba kifurushi kilichogeuzwa kwa 2.0 kifanye kazi na 1.x pia, bali si kinyume chake. Waliokuwa na haraka waliandika katika orodha zao mstari mmoja, numpy<2, wakaendelea na kazi. Vifurushi vikubwa vilisahihishwa katika miezi iliyofuata, lakini mstari ule umebaki katika orodha nyingi, na afunguaye leo kazi ya mwenziwe ya mwaka ule atafanya vyema kuutafuta kabla ya kusakinisha lolote.