Mboga Zilizoitwa Magugu

Nyanya yangu, mama mzaa baba, alimpa sharti moja kila aliyeingia shambani mwake na jembe: usikate usichokijua. Kwake palizi ya kwanza ya mahindi ilikuwa pia mavuno ya kwanza. Mvua ya masika ikishakolea huko kwetu Vihiga, magharibi mwa Kenya, kabla mahindi hayajafika magotini, kati ya mashina palikuwa pameota lisutsa, yaani mnavu. Tsisaka, yaani mgagani. Murere, yaani mlenda. Na tsimboka, ndio mchicha. Nyingi hazikupandwa na mtu. Mbegu zilikuwa zimelala udongoni tangu msimu uliopita, au zilikuja na samadi ya ng'ombe. Nyanya aling'oa zilizosongamana akazipeleka jikoni, na zilizonawiri kuliko zote akaziacha zikomae, zikauke, zimwage mbegu zenyewe.

Kilimo hicho kilikuwa na elimu yake, na elimu hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake. Walijua kwamba mnavu na mgagani ni chungu, hulazwa kwenye maziwa mpaka ukali uishe. Walijua kwamba murere hautaki mafuta mengi bali munyu, ile chumvi ya majivu ya maganda ya maharagwe yaliyochujwa kwa maji. Msichana aliyeolewa bila kujua haya alionekana hajamaliza malezi.

Ukoloni ulileta macho mengine. Maafisa wa kilimo na walimu wa misheni walihimiza mahindi meupe yaliyopandwa kwa mistari, na kwenye bustani za shule wakapanda kabichi na mboga nyingine za Ulaya. Mpango wa Swynnerton wa serikali ya kikoloni, wa mwaka 1954, ukatilia mkazo hati za ardhi na mazao ya biashara kama kahawa na chai. Shamba lililosifiwa likawa lile lenye zao moja na udongo mtupu katikati. Uhuru ulipokuja, mafundisho hayo hayakuondoka. Mimea ile ile ambayo nyanya aliibeba kwenye kikapu, vitabu vya kilimo viliiorodhesha pamoja na ndago, sangari na kishona nguo. Darasani tulikariri kwamba gugu ni mmea wowote ulioota mahali usipotakiwa. Hakuna aliyetuambia ni nani asiyeutaka.

Madhara yake niliyaona mezani. Mgeni wa heshima aliandaliwa kabichi. Mnavu ukaachiwa siku ambazo mfuko ni mtupu. Kizazi kimoja kilitosha kuleta aibu hiyo, na mboga ikionewa aibu mbegu zake hazitunzwi.

Miongoni mwa waliolipinga jambo hili kwa utafiti alikuwa mmoja aliyekula mboga hizo tangu utotoni. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyezaliwa mwaka 1959, alikua akidhurika kwa nyama, samaki, maziwa na mayai, hivyo mboga za kienyeji ndizo zilizomlea. Alipofika chuo kikuu kusomea kilimo, alikuta chakula chake kikiitwa magugu. Akaamua kukitafiti: mbegu zake, virutubisho vyake, namna ya kukilima. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtuza. Hakuwa peke yake: mwaka 1999 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalikuwa yamechapisha kitabu kikubwa kuhusu mimea ya vyakula vya asili, na mwaka 2021 UNESCO ikaitambua kazi ya Kenya ya kuvilinda vyakula hivyo. Leo mnavu na mgagani, yaani managu na saga kama wanavyoziita sokoni Nairobi, huuzwa hata kwenye rafu za maduka makubwa.

Sisemi kila kinachoota kiachwe. Nyanya hakuihurumia kayongo, ile yenye ua zuri la zambarau, kwa kuwa mizizi yake hunyonya mizizi ya mahindi na mbegu zake huvumilia miaka mingi udongoni. Aliing'oa kabla haijachanua. Mnanaha mchanga nao ni wa jamii moja na mnavu, lakini una sumu kali. Alitufundisha kufikicha jani na kulinusa, na tukibaki na shaka hata kidogo, tuliache.

Tena ipo mimea iliyopokelewa kwa shangwe ikatuponza. Lantana ililetwa iwe ua la kupendeza uani, sasa imefunga malisho na vichaka. Gugu maji lilitoka Amerika Kusini, likasambazwa duniani kwa uzuri wa maua yake. Lilionekana Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na muongo uliofuata likaziba ghuba ya Kisumu mpaka wavuvi wakashindwa kutoa mitumbwi.

Kwa hiyo ninapopalilia sasa, ninauliza maswali ya nyanya: mmea huu unaliwa? Unamnyonya jirani yake? Ukizaa mbegu, mwakani nitaweza kuushika? Majibu hayatoki kwenye orodha iliyoandikwa kwa ajili ya shamba la mtu mwingine. Hutoka kwa wale waliolima udongo huu kabla yetu, na wengi wao ni wazee sasa. Tembea nao shambani msimu huu, kabla ya palizi, na watoto wawepo.