Neno la Wiki: Utani

Siku hizi mchekeshaji akimtukana mtazamaji, hujikinga kwa kusema, "Ni utani tu." Hapana, hiyo ni dhihaka. Neno dhihaka lina asili ya Kiarabu, na huko mzizi wake ni kucheka. Kwetu lina dharau. Mzaha nao umetoka huko huko, ila wenyewe ni maneno mepesi ya kuchangamsha baraza.

Utani una wenyewe. Wangoni na Wahehe, ambao mababu zao walipigana vita, ni watani: msibani mtani huweza kuigiza hata mwendo wa marehemu, na wafiwa hawakasiriki, kwa kuwa zamu yao itafika. Anayetaniwa ana haki ya kujibu. Asiye nayo hataniwi, anadhihakiwa.

Rafiki yangu Mngoni, alipoanza uchekeshaji, alishika maikrofoni kwa mikono miwili akamsema mama mmoja wa mstari wa mbele kwa unene wake. Ukumbi ukanyamaza kimya. Akamgeukia mzee aliyekaa pembeni, akamuuliza kabila. "Mhehe." Basi wakarushiana maneno mpaka watu wakashika mbavu, na aliyeshinda ni mzee.