Pikipiki chini ya boneti

Tarehe 9 Desemba 1959 wanahisa wa BMW walikusanyika Munich kuamua kama kampuni yao itabaki mikononi mwao au itamezwa na Daimler-Benz. Hesabu zilikuwa zimekaa vibaya. Magari makubwa ya silinda nane yalikuwa na wateja wachache na hasara nyingi. Soko la pikipiki nalo lilikuwa limeporomoka, kwani Mjerumani aliyeanza kushika fedha hakutaka tena kulowana na mvua akienda kazini. Mpango wa mauzo ulishaandaliwa. Kikao kikala kutwa nzima, na wakili wa wanahisa wadogo, Friedrich Mathern, akasimama na hoja ya kihasibu: gharama zote za kubuni gari jipya dogo zimebebeshwa mwaka mmoja, badala ya kugawanywa katika miaka ambayo gari hilo litauzwa. Kwa hoja hiyo mpango ukakwama. Baadaye tajiri Herbert Quandt akaongeza hisa zake, na BMW ikabaki BMW.

Gari hilo dogo, BMW 700, lilikuwa limeonyeshwa Frankfurt miezi michache tu kabla. Umbo lake lilichorwa na Mwitaliano Giovanni Michelotti, na lilipendeza. Ukifungua nyuma, hata hivyo, huoni rejeta wala tone la maji. Unakuta silinda mbili zimelala huku na huku, cc 697, nguvu za farasi 30. Ni injini ya pikipiki iliyonenepeshwa, ukoo wake ukitokea kwenye R67, pikipiki iliyopendwa na watu waliotaka kufunga kigari cha abiria ubavuni. Kampuni ambayo leo watu hununua magari yake ili kuringia iliponea hapo.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu siku hizi mtu akichomoa injini ya gari la zamani la kupoozwa na hewa akaweka ya pikipiki, wapenzi wa magari hayo humwona mharibifu. Wanadai gari limepoteza asili yake. Asili ipi? Mengi ya magari hayo madogo yalizaliwa na damu ya pikipiki. Kinachomtoa fundi jasho si kupata nguvu, maana nguvu ni sehemu rahisi. Kazi ni kuipa injini ya pikipiki vitu ambavyo haikuvihitaji ilipokuwa barabarani: upepo wa kutengenezwa, gia ya kurudi nyuma, na ustahimilivu wa kusukuma mzigo mara tatu ya ule iliouzoea.

Waingereza walilianza jambo hili mapema. Kufikia 1910 H.F.S. Morgan, kutoka Malvern, alikuwa akionyesha gari la magurudumu matatu, na katika miaka iliyofuata sura iliyozoeleka ya Morgan ikawa ile yenye injini ya V ya pikipiki imening'inia mbele kabisa, nje, bila kifuniko. Upepo uliipiga kama inavyopigwa pikipiki, kwa hiyo suala la joto halikumsumbua. Ukali wa kodi nao ulipungua, kwani magurudumu matatu yalitozwa kidogo kuliko manne.

Mwaka 1946 Charles Cooper na mwanawe John, mafundi wa Surbiton, walitaka gari la mashindano kwa bei ya maskini. Wakachukua sehemu za mbele za Fiat Topolino mbili, wakaziunganisha migongo, wakafunga injini ya pikipiki ya JAP, cc 500. Injini hiyo ilipeleka nguvu kwa cheni, na cheni haitaki safari ndefu, kwa hiyo wakaiweka karibu na magurudumu ya nyuma, mgongoni mwa dereva. Ilikuwa njia ya mkato ya fundi tu. Lakini gari likakata kona vizuri ajabu, kijana Stirling Moss akanunua moja 1948, na kufikia 1959 Jack Brabham akawa bingwa wa dunia wa Formula One katika Cooper yenye injini nyuma. Miaka michache baadaye karibu kila gari la mashindano hayo lilikuwa limegeuzwa hivyo, na limebaki hivyo hadi leo.

Turudi Ujerumani, maana huko ndiko matatizo yalikotatuliwa kiwandani badala ya gereji. Mwaka 1955 BMW ilianza kuuza Isetta, kigari cha umbo la yai kilichobuniwa na kampuni ya Iso ya Italia. Waitaliano walikuwa wameweka injini yao ya tu-stroki. BMW ikaweka ya pikipiki yake ya R25, silinda moja, cc 247, nguvu za farasi 12. Sasa fikiria silinda hiyo. Kwenye pikipiki imesimama katikati ya miguu ya mwendeshaji, mapezi yake yako wazi, na kila kilomita inayokwenda inapulizwa. Ndani ya Isetta imefungiwa nyuma ya kiti, hakuna upepo unaofika. Usipofanya kitu itachemsha kabla ya kufika mtaa wa pili. Mafundi wa Munich wakaizungushia koti la bati, wakafunga feni inayoendeshwa na injini yenyewe, hewa ikawa inasukumwa kupita kwenye mapezi hata gari likiwa limesimama kwenye foleni. Wakaongeza kifaa kimoja kinachofanya kazi mbili, kuwasha injini na kuchaji betri. Wakatia gia nne za kwenda mbele na moja ya rivasi.

Rivasi hiyo ilikuwa na maana zaidi ya kawaida, kwa kuwa mlango wa Isetta uko mbele na hufunguka pamoja na usukani. Ukiingiza pua hadi ukutani, hutoki. Isetta zilipoanza kuundwa Brighton, Uingereza, zilitoka pia za magurudumu matatu, na sheria ya huko wakati ule ilimruhusu mwenye leseni ya pikipiki kuendesha gari la matatu mradi halina rivasi. Kwa hiyo rivasi ikazibwa. Sheria na mlango havikuwa vimeshauriana.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa halazimiki kwenda makumbusho ya Ulaya kuona majibu ya aina hii. Bajaji ni ndugu wa karibu wa hadithi hii. Piaggio ya Italia ilitoa Vespa 1946, injini yake ikiwa imefichwa chini ya bati na kupewa feni tangu siku ya kwanza. Mwaka 1948 wakaifunga kwenye chombo cha magurudumu matatu, Ape, na Bajaj ya India, iliyokuwa ikiunda Vespa kwa leseni, ikaichukua njia hiyo hiyo. Feni ipo, rivasi ipo, na gia zimepangwa kwa ajili ya mzigo, wala si mbio.

Sasa gari ambalo mafundi wa Ulaya hulichokonoa zaidi: Citroën 2CV. Lilionyeshwa Paris Oktoba 1948 likiwa na cc 375 na nguvu za farasi 9, kila mtu akalicheka. Injini ile ya silinda mbili zilizolala, kazi ya Walter Becchia, ilikuwa na jicho kwa injini za pikipiki za BMW, ukoo ulioanza na R32 ya 1923, pikipiki ya Max Friz iliyoweka silinda kushoto na kulia ili zote mbili zipate upepo. Kwa hiyo mtu anayeng'oa injini ya 2CV na kuweka ya BMW R80 au R100 anabadilishana vitu vya ukoo mmoja. Zinafanana hata katika mkao. Zote mbili kranki yake imelala kwa urefu wa chombo, zote zina flaiwili nyuma na klachi kavu ya sahani moja. Fundi anachonga bamba nene la alumini la kuunganisha injini na giaboksi ya Citroën, anahakikisha kitovu cha kranki na shafti ya giaboksi viko kwenye mstari mmoja bila kupishana hata kidogo, na sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Zawadi yake ni kubwa. Injini ya mwisho ya 2CV, cc 602, ilitoa nguvu za farasi 29. R80 inatoa 50, na R100 inafika 60 au zaidi. Kwenye gari la kilo 600 hivi, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Halafu bili inaanza kuja. Feni ya Citroën iko mbele ya kranki, na koti lake la bati limekatwa kufuata silinda za Citroën. BMW haina feni. Kwa mashindano haina neno, maana gari halisimami. Kwa mtu anayekwenda dukani, ni lazima afunge feni ya umeme, mifereji ya bati na kipozea oili, la sivyo foleni moja ya mchana wa Julai itamaliza oili na pistoni. Pili, giaboksi na shafti zake ziliundwa kwa msukumo wa injini ndogo, na R100 huzisukuma karibu maradufu. Mguu mzito kwenye gia ya kwanza ni ghali. Na kuna hasara ambayo wengi hawaifikirii hadi Novemba ifike. Katika 2CV hewa iliyopashwa na injini hupitishwa kwenye mabomba hadi miguuni mwa abiria na kwenye kioo. Ondoa injini ile na joto hilo linaondoka nayo. Unabaki na gari lenye mbio, umevaa glavu, unafuta ukungu kwenye kioo kwa kitambaa.

Kwangu mimi hapo ndipo unapowatambua mafundi. Wa kwanza hukuonyesha mbio. Wa pili hukuonyesha feni aliyofunga.

Waitaliano wenye Fiat 500, ile ya Dante Giacosa ya 1957, wamekwenda mbali zaidi, wakifunga injini za pikipiki za Kijapani kwa ajili ya mashindano ya kupanda milima. Injini ya Fiat iko nyuma tangu mwanzo, kwa hiyo nafasi ipo. Ila nyingi za injini hizo za Kijapani hupoozwa kwa maji, na rejeta ikishaingia, tumetoka kwenye mada.

Safari ya upande wa pili nayo ilishafanywa. Mwaka 1993 Mfaransa Emile Leray aliharibikiwa na 2CV yake jangwani, kusini mwa Morocco, upande wa Tan-Tan. Kwa maelezo yake, alilikata gari, akafupisha chasisi, akaweka injini katikati na kutengeneza kiti kwa bampa, na siku 12 baadaye akawa na pikipiki. Hakuwa na cheni. Alitumia ngoma iliyosugua tairi la nyuma, na kwa kuwa msuguano huo hugeuza mzunguko, rivasi ndiyo ikawa gia ya kwendea mbele. Polisi walipomkuta walimfikisha mjini, kisha akatozwa faini, kwa sababu chombo alichokuwa nacho hakikufanana na kilichoandikwa kwenye kadi ya gari.