Kiwanda Kidogo cha Chapa na Heshima ya Neno

Tunapoutaja utamaduni wa taifa, aghalabu tunakumbuka ngoma, nyimbo, vinyago na mavazi. Ni nadra kukikumbuka kiwanda kidogo cha chapa: chumba kimoja, mtambo wa kukanyagwa kwa mguu, makasha ya herufi za risasi, na mafundi wawili watatu wenye vidole vyeusi kwa wino. Lakini katika vyumba kama hivyo ndimo zilimotoka kadi za arusi, za Idi na za Krismasi zilizopitishwa mikononi mwa watu wetu.

Kabla ya hapo, katika miji ya pwani mwaliko ulipelekwa kwa mdomo wa mjumbe, nyumba kwa nyumba, au kwa barua ya mkono katika herufi za Kiarabu. Mwaka 1864 wamisionari wa UMCA walifika Unguja. Mmoja wao, Edward Steere, aliwafundisha vijana waliokombolewa utumwani kupanga herufi na kupiga chapa. Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, naye aliweka mtambo wa herufi za Kiarabu. Huko Kiungani, mwaka 1888, wamisionari walianza kuchapa jarida la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Hatuwezi kusahau kwamba chapa ya misheni ilikuja na makusudi yake. Hata hivyo, kijana aliyekuwa amehesabiwa kuwa bidhaa sokoni alikuwa sasa mshika neno. Hilo si jambo dogo.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Fundi aliokota herufi moja moja, akaipanga kichwa chini katika kishikio cha chuma, na kuisoma kinyume kama aitazamaye kiooni. Kweli, haba na haba hujaza kibaba.

Tena kulikuwa na taabu ambayo mgeni hakuidhania. Herufi zilizoagizwa Ulaya zilikuwa zimegawanywa kwa kipimo cha Kiingereza, ambacho hutumia e kuliko zote. Kiswahili hutaka a kwa wingi, na pia k na w. Basi fundi alipopanga maneno kama "twawakaribisha jamaa na marafiki", kasha la a lilikauka upesi, hali x na q zimelala bila kazi. Ilimbidi achape sehemu moja, azirudishe herufi kashani, kisha apange sehemu ya pili. Hivyo lugha yetu ililazimika kuvaa nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mwingine, na mafundi ndio walioirekebisha kwa vidole vyao.

Sisi watunzi wa mashairi twajua uzito wa herufi moja. Fundi wa kadi aliujua zaidi. Akiteleza, akatia o mahali pa a, "ndoa" huwa "ndoo", na wazee wa pande mbili wamealikwa kwenye kichekesho. Jina la baba wa bibi arusi likikosewa, ukoo mzima umevunjiwa heshima. Kwa sababu hiyo fundi mwema hakuanza kuchapa kabla mwenye shughuli hajasoma karatasi ya majaribio na kuikubali. Shule ngapi zimefundisha tahajia kwa uangalifu kama ule?

Baadaye zilikuja ofseti, kisha kompyuta. Kiwanda cha Heidelberg, Ujerumani, kiliacha kutengeneza mtambo wake mdogo wa herufi za risasi mwaka 1985. Hatulilii chuma, kwani kila zama na chombo chake. Tunachohofia ni kwamba herufi zikishayeyushwa na mafundi wakishazikwa, uangalifu wao utazikwa pamoja nao.

Kwa hiyo twawasihi walimu: popote palipobaki mtambo kama huo, wapelekeni wanafunzi wakauone, na fundi mzee aulizwe angali hai. Kila mwanafunzi apange jina lake mwenyewe, herufi kwa herufi. Akiisha kulipanga bila kosa, ataelewa kwa nini jina la mwenzake nalo haliandikwi ovyo.